West Coast Swing: Mwongozo kwa Anayeanza

West Coast Swing ni dansi ya watu wawili iliyokulia Marekani, katika jimbo la California. Wawili hushikana mkono wakitazamana, na mmoja wao hupita mbele ya mwenzake akienda na kurudi kwenye mstari mmoja ulionyooka. Muziki wake ni wa mwendo wa wastani: blues, soul, R&B, au nyimbo za pop za siku hizi. Ukiwaona wachezaji wazuri kwa mara ya kwanza utadhani wamefanya mazoezi pamoja kwa miezi mingi. Mara nyingi hawajawahi hata kukutana.

Hilo ndilo jambo la kulishika tangu mwanzo. Dansi hii imepangwa ili watu wasiofahamiana waweze kucheza pamoja, kwa wimbo ambao hawakuuchagua, bila kukubaliana lolote. Kwa hiyo anayeanza hahitaji kuja na mwenzi, wala kukariri mitindo hamsini, yaani mifuatano ya hatua. Anahitaji misingi michache ambayo kila mchezaji anaijua, na subira ya kuizoea. Makala haya yanaeleza misingi hiyo, namna ya kuifanyia mazoezi nyumbani, mahali pa kujifunza na fedha utakazotumia.

Dansi hii ilitoka wapi?

Mizizi yake iko Harlem, eneo la Wamarekani weusi jijini New York. Mwaka 1926 ulifunguliwa huko ukumbi wa Savoy ambao, tofauti na kumbi nyingi za wakati ule, uliwapokea weusi na weupe kwenye sakafu moja. Hapo ndipo ilipokomaa Lindy Hop, dansi ya jazz ya aina ya swing, yaani jazz yenye mdundo wa kubembea. Vijana wa Savoy, akiwamo Frankie Manning, waliifanya iwe ya kasi, ya kuzunguka na hata ya kurushana hewani.

Katika miaka ya 1930 mchezaji aliyeitwa Dean Collins alihamia Los Angeles akiwa na ujuzi wa swing alioupata New York. Huko California uchezaji ulibadilika polepole: ukatulia, ukawa laini, na wachezaji wakaanza kwenda na kurudi kwenye mstari badala ya kuzungukana. Mwalimu Laure' Haile aliuandika utaratibu wake kwa ajili ya shule za dansi za Arthur Murray, akiuita Western Swing. Baadaye likashika jina la West Coast Swing, na mwalimu Skippy Blair ni miongoni mwa waliolieneza. Mwaka 1988 California iliitangaza kuwa dansi rasmi ya jimbo.

Dansi hii ni ya kisasa kwa sababu haikubaki na muziki wa zamani. Wachezaji wa Lindy Hop wengi bado wanaipenda jazz ya miaka ya 1930 na 1940. Wenzao wa West Coast Swing waliufuata muziki kila ulikohamia, kutoka blues hadi soul, kutoka soul hadi hip hop na pop. Wimbo uliotoka mwezi uliopita unaweza kuchezwa leo usiku.

Inatofautianaje na rumba?

Kwetu Afrika Mashariki kucheza wawili wawili si jambo geni. Vilabu vya dansi vilikuwapo Mombasa, Tanga na Dar es Salaam tangu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Ukijua kusakata rumba tayari una mtaji: unajua kuhamisha uzito wa mwili kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na unajua kumsikiliza mwenzako bila maneno. Hata hivyo, kuna tofauti tatu za kuzingatia.

Ya kwanza ni ujia, yaani ule mstari ulionyooka ambao dansi yote hufanyika juu yake. Chukulia eneo la urefu wa mita mbili na nusu hivi, na upana usiofika mita moja. Katika jozi mmoja huongoza na mwenzake hufuata. Anayefuata huenda kutoka ncha moja ya ujia hadi nyingine. Anayeongoza hukaa katikati au kwenye ncha, na humpisha mwenzake kila anapotaka kupita. Kwa sababu hiyo jozi nyingi zinaweza kucheza sambamba kwenye ukumbi mdogo bila kugongana.

Ya pili ni umbali. Rumba huchezwa kwa kukumbatiana karibu. Katika West Coast Swing muda mwingi mnakuwa mbali kiasi cha mikono, mkiunganishwa na mkono mmoja tu. Msomaji anayejali mipaka ya heshima na dini afahamu kwamba katika mitindo mingi atagusana na mwenzake viganja peke yake.

Ya tatu ni nafasi ya anayefuata. Katika dansi nyingi yeye hutekeleza anachoelekezwa. Hapa ana ruhusa ya kuchelewa kidogo, kuongeza mapambo ya miguu, au kurefusha hatua pale mwimbaji anaporefusha sauti, na anayeongoza anatakiwa ampe muda wa kufanya hivyo.

Nani anaongoza na nani anafuata?

Kila jozi ina mwongozaji na mfuataji. Mwongozaji huamua mtindo upi unafuata na huanza kwa mguu wa kushoto. Mfuataji huupokea mwelekeo, huukamilisha kwa namna yake, na huanza kwa mguu wa kulia. Kwa kawaida mkono wa kushoto wa mwongozaji hushika mkono wa kulia wa mfuataji.

Zamani mwanamume aliongoza na mwanamke alifuata. Siku hizi kila mtu huchagua, na wengi hujifunza pande zote mbili. Ukienda darasani utaulizwa unataka upande gani. Chagua mmoja na ukae nao kwa miezi michache ya kwanza, kwa sababu kubadilishabadilisha mapema huichanganya miguu.

Mapigo yanahesabiwaje?

Pigo ni ule mdundo unaokufanya utikise kichwa au ugonge kidole mezani. Mtindo wa msingi wa West Coast Swing huchukua mapigo sita. Ndani ya mapigo hayo mna hatua nane, nazo huhesabiwa hivi: moja, mbili, tatu-na-nne, tano-na-sita.

"Moja" na "mbili" ni hatua za kawaida za kutembea, hatua moja kwa kila pigo. "Tatu-na-nne" ni hatua tatu zinazobanwa ndani ya mapigo mawili: ya kwanza kwenye tatu, ya pili kwenye "na", ya tatu kwenye nne. "Tano-na-sita" hufanywa vivyo hivyo. Ukiwa mwongozaji miguu yako itakwenda hivi: kushoto, kulia, kushoto-kulia-kushoto, kulia-kushoto-kulia. Mfuataji hugeuza: kulia, kushoto, kulia-kushoto-kulia, kushoto-kulia-kushoto. Utaona kwamba kila mmoja anamaliza akiwa tayari kuanza tena kwa mguu uleule wa mwanzo.

Ipo pia mitindo ya mapigo manane. Hiyo huongeza hatua mbili za kutembea katikati: moja, mbili, tatu-na-nne, tano, sita, saba-na-nane. Usiiguse kabla ile ya sita haijaingia mwilini kiasi kwamba unaweza kuicheza huku unazungumza.

Nanga ni nini, na kwa nini walimu wanaisisitiza sana?

Zile hatua tatu za mwisho, tano-na-sita, huitwa nanga. Katika nanga huendi popote. Unakanyaga palepale, unashusha uzito wako nyuma kidogo kuelekea kisigino, na unauacha mkono ulionyooka uhisi mvuto mwepesi kutoka kwa mwenzako. Mwenzako anafanya hivyohivyo upande wake. Mvuto huo ndio utakaoanzisha mtindo unaofuata.

Hapa ndipo anayeanza hupotea. Kwa haraka ya kuendelea, mfuataji hukanyaga mbele kwenye pigo la sita kabla hajaitwa, na mwongozaji hubaki na mkono uliolegea usio na la kumwambia mtu. Au mwongozaji huvuta kwa nguvu za bega badala ya kurudisha mwili wake wote nyuma, na mfuataji huumia. Kipimo kizuri ni cha watu wawili wanaokunja shuka: kila mmoja ameshika pembe zake, shuka haijalegea wala haijanyang'anywa, na mmoja akisogea mwingine anajua bila kuambiwa. Mkono wako uwe na mkazo wa namna hiyo, usawa wa kiuno, vidole vikiwa vimekunjwa kama ndoana nyepesi. Kidole gumba kisibane mkono wa mwenzako.

Mitindo ya kwanza ni ipi?

Majina ya mitindo hutajwa kwa Kiingereza karibu kila nchi, iwe Paris au Seoul, kwa hiyo ni vizuri uyazoee. Ukijua hii mitano unaweza kucheza wimbo mzima na mtu yeyote.

Sugar push. Hapa hakuna anayepita. Kwenye moja na mbili mwongozaji anarudi nyuma hatua mbili na mfuataji anakuja mbele hatua mbili. Kwenye tatu-na-nne wanakutana, mikono yao inasukumana kwa upole, na mfuataji anarudishwa alikotoka. Kisha wote wanatia nanga.

Left side pass. Mwongozaji anatoka kwenye ujia, na mfuataji anapita upande wa kushoto wa mwongozaji hadi ncha ya pili. Hapo anageuka, wanatazamana, wanatia nanga.

Right side pass. Mfuataji anapita upande wa kulia wa mwongozaji, mara nyingi chini ya mkono ulioinuliwa. Mwongozaji ainue mkono juu ya kichwa cha mwenzake mapema, asiunyanyue dakika ya mwisho ukampiga usoni.

Sugar tuck. Unaanza kama sugar push, lakini ule msukumo mwepesi wa katikati humgeuza mfuataji akazunguka chini ya mkono.

Whip. Huu ni wa mapigo manane. Mfuataji anampita mwongozaji, anapokewa kwa mkono mgongoni chini ya bega, mwelekeo wake unageuzwa, na anarudi upande aliotoka. Uweke wa mwisho kujifunza. Ni mtamu, lakini unadai kwamba mingine minne iwe imetulia.

Nitajuaje kama wimbo unafaa?

Fanya jaribio hili. Washa wimbo, tazama saa, na uhesabu mapigo kwa sekunde 15. Zidisha kwa nne, utapata mapigo kwa dakika. Ukihesabu 25, wimbo una mapigo 100 kwa dakika, na hiyo ni kasi nzuri mno kwa anayeanza. Kati ya 90 na 110 utakuwa na muda wa kufikiri. Chini ya 80 wimbo unakuwa wa polepole kiasi cha kudai mizani ya mwili ambayo bado hujaipata. Zaidi ya 130 miguu itakukimbia.

Jambo la pili ni mpangilio wa mapigo. Wimbo unaofaa huhesabika kwa nne nne. Nyimbo nyingi za Bongo Fleva za mapenzi zinahesabika hivyo, na zikiwa za kasi niliyoitaja unaweza kuzifanyia mazoezi bila shida. Chakacha haitakufaa kwa kazi hii. Mdundo wake huenda kwa tatu tatu, na hatua za West Coast Swing hazitapata pa kukaa.

Nianze vipi nyumbani?

Unahitaji sakafu laini, simu yenye muziki, na dakika 15 kwa siku. Chora ujia sakafuni kwa chaki, au fuata mstari wa vigae. Kisha endelea hivi kwa wiki nne.

Wiki ya kwanza, tembea tu. Washa wimbo na utembee mbele na nyuma kwenye ujia, hatua moja kwa kila pigo. Hakikisha uzito wote umehamia kwenye mguu uliokanyaga kabla hujainua mwingine. Kichwa juu. Ukitazama miguu, mgongo unapinda na mwenzako anakosa wa kumtazama.

Wiki ya pili, ongeza zile hatua tatu za haraka. Zitamke kwa sauti unapozikanyaga: tatu-na-nne, tano-na-sita. Usiruke. Magoti yawe yamelegea kidogo na nyayo zikae karibu na sakafu.

Wiki ya tatu, cheza mapigo sita kamili ukiwa peke yako, nanga kwenye ncha moja, kisha ncha nyingine. Funga kamba au kanga kwenye kitasa cha mlango imara uliofungwa, ishike kwa mkono, na utie nanga mpaka uhisi mvuto bila kuning'inia. Mlango hautakusamehe ukivuta kupita kiasi, kwa hiyo utajifunza kipimo.

Wiki ya nne, mtafute ndugu, jirani au rafiki mfanye sugar push na zile pass mbili. Msichezeshane zaidi ya hiyo mitatu. Mkikwama, simameni, hesabuni pamoja kwa sauti, na mwanze tena.

Video za mafunzo ziko nyingi kwenye intaneti, za bure na za kulipia. Chagua mwalimu mmoja umfuate mpaka mwisho wa somo la misingi. Ukichukua kipande huku na kipande kule utapata mitindo mingi isiyounganika.

Nivae nini?

Viatu ndivyo vya kufikiria kwanza. Soli ya mpira, kama ya raba za mazoezi, hung'ang'ania sakafu. Unapogeuka mguu unabaki, goti linajinyonga, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Kinachotakiwa ni soli inayoteleza kiasi, ya ngozi au ya suede, ile ngozi laini yenye manyoya mafupi. Viatu vya dansi vya namna hiyo huuzwa Ulaya na Marekani kwa kati ya dola 50 na 150, lakini si lazima uvinunue mwanzoni. Fundi viatu wa mtaani anaweza kukubandikia kipande cha ngozi chini ya viatu vyako vya zamani vyepesi. Usivivae nje, kwa maana matope na mawe huiharibu ngozi. Visigino virefu havihitajiki. Wachezaji wengi, wanawake kwa wanaume, hucheza na viatu vya chini.

Nguo ziwe za kawaida zinazokuruhusu kunyoosha mkono na kupiga hatua. Pete kubwa, bangili na saa nzito zivue, kwa sababu zinakwaruza mikono ya wenzako. Beba shati la kubadilisha, taulo dogo na maji. Utatoka jasho, na usafi ni heshima kwa kila utakayecheza naye.

Darasa linapatikana wapi?

Ukiwa Marekani, Canada, Uingereza, Ufaransa au Sweden, kazi ni rahisi. Miji kama Los Angeles, Seattle, Toronto, London, Paris, Lyon na Stockholm ina madarasa na usiku wa kucheza. Tafuta jina la mji wako pamoja na maneno West Coast Swing. Jioni ya kawaida huanza na somo la wanaoanza, kwa saa moja hivi, kisha sakafu hufunguliwa kwa wote. Somoni utabadilishiwa mwenzi kila baada ya dakika chache, ndiyo maana huhitaji kuja na mtu.

Lipo pia baraza la kimataifa, World Swing Dance Council, linaloidhinisha matamasha ya dansi hii duniani na kutunza kumbukumbu za pointi za washindani. Orodha yake ya matamasha iko wazi kwenye tovuti yao, na ni njia nzuri ya kujua nchi zipi zina wachezaji wengi.

Ukiwa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, anzia kwenye usiku wa salsa, bachata na kizomba, ambazo zinafahamika zaidi katika miji hiyo. Huko utakutana na watu waliokwisha kuzoea kuongoza na kufuata. Waulize walimu kama kuna anayeijua West Coast Swing au aliye tayari kujifunza nanyi. Mkipatikana wanne, wawili wa kuongoza na wawili wa kufuata, mna darasa: mnaweza kutumia sebule moja, spika moja, na somo moja la video kwa wiki. Badilishaneni wenzi kila wimbo tangu siku ya kwanza. Jozi inayocheza peke yake kila siku huzoeana makosa, halafu ikikutana na mgeni inashindwa.

Gharama zikoje?

Haya ni makadirio ya kukusaidia kupanga. Mazoezi ya nyumbani ni bure, ukiondoa vocha ya intaneti. Darasa la kikundi pamoja na usiku wa kucheza, huko Marekani, mara nyingi ni dola 10 hadi 20. Sehemu nyingine huwasamehe kiingilio wanaokuja mara ya kwanza au huwapunguzia wanafunzi, kwa hiyo uliza kabla hujalipa. Somo la mtu mmoja na mwalimu huanzia dola 60 kwa saa, na walimu mashuhuri hutoza zaidi ya 100. Tamasha la mwisho wa wiki, lenye masomo, mashindano na dansi mpaka alfajiri, mara nyingi hutoza kati ya dola 100 na 250 kwa kiingilio peke yake. Hoteli na nauli ni juu yako.

Kwa mwaka wa kwanza darasa la kikundi linatosha. Somo la mtu mmoja lina faida baada ya miezi mitatu au minne, unapokuwa na maswali mahususi. Kabla ya hapo utamlipa mwalimu akufundishe yaleyale ambayo darasa lingekufundisha kwa bei ndogo. Tamasha nalo linaweza kusubiri. Ukiamua kwenda, matamasha mengi huomba watu wa kujitolea mlangoni au kwenye usafi, na huwapa punguzo la kiingilio.

Adabu za ukumbini ni zipi?

Kuomba dansi ni kazi ya yeyote, awe mwanamume au mwanamke, mwongozaji au mfuataji. Msogelee mtu, mtazame, sema "Tucheze?" Akikataa, shukuru na uende kwa mwingine. Usidai sababu. Wewe pia una haki ya kukataa, na neno "hapana, asante" linatosha. Wimbo ukiisha mshukuru mwenzako. Kwa kawaida jozi hucheza wimbo mmoja au mbili, kisha kila mmoja hutafuta mwingine.

Kabla ya kuanza angalia jozi za jirani zimeelekea wapi, na uuweke ujia wako sambamba nazo. Ukimgonga mtu, omba radhi hata kama kosa si lako. Usimfundishe mtu katikati ya dansi. Kumwambia mwenzako alipokosea, hata kwa nia njema, humwondolea furaha aliyoifuata. Kama unaumizwa, hilo ni tofauti: sema palepale. Usimnyanyue wala kumlaza mtu mkononi pasipo ruhusa yake. Na kama mtu anatumia dansi kukushika isivyofaa, ondoka katikati ya wimbo na umwarifu mwenye ukumbi. Hakuna wimbo unaokulazimisha kuumaliza.

Je, kuna mashindano?

Yapo, na yanaonyesha vizuri dansi hii inathamini nini. Shindano linalopendwa zaidi huitwa Jack and Jill, na mwanzilishi wake anayetajwa ni Jack Carey wa California. Waongozaji na wafuataji hujiandikisha kila mmoja peke yake. Wenzi hupangwa kwa bahati nasibu, mwenye mitambo huchagua wimbo, na jozi hucheza bila sekunde moja ya mazoezi. Kwa madaraja ya chini waamuzi huangalia mambo matatu: kushika mapigo, ufundi wa misingi, na ushirikiano wa jozi. Mtu mwenye mitindo mitano safi anaweza kumshinda mwenye mitindo arobaini inayoyumba.

Madaraja huanzia kwa wageni kabisa, wanaoitwa Newcomer, kisha Novice, Intermediate, Advanced, All-Star, hadi Champion. Unapanda kwa pointi unazokusanya kwenye matamasha yaliyoidhinishwa. Mashindano makubwa ya kila mwaka, US Open Swing Dance Championships, yalianza California mwaka 1983, na mengi ya maonyesho yake unaweza kuyatazama kwenye intaneti. Yatazame kwa starehe, lakini usijipime nayo. Wachezaji wengi wa dansi hii hawajawahi kushindana na hawakusudii kufanya hivyo.

Vipi kuhusu umri na afya?

Wapo wanaoanza wakiwa na miaka 15 na wapo wanaoanza wakiwa na 60. Kwa kuwa hakuna kuruka, dansi hii ni nyepesi kwa viungo ikilinganishwa na Lindy Hop. Pasha mwili joto kwa dakika tano kabla ya kuanza: zungusha vifundo vya miguu, kunja na kukunjua magoti, tembeza mabega. Mwenye tatizo la goti, mgongo, moyo au shinikizo la damu amuulize daktari wake kwanza, kisha amwambie mwalimu, ambaye anaweza kumpunguzia mizunguko. Kizunguzungu ukikipata kwenye kugeuka, punguza idadi ya mizunguko na umwombe mwongozaji akuchezeshe mitindo iliyonyooka.

Nitajuaje kwamba ninaendelea?

Usihesabu mitindo uliyoijua. Jiulize maswali haya kila baada ya mwezi. Je, naweza kukaa kwenye mapigo wimbo mzima bila kuhesabu kwa sauti? Je, natia nanga kila mara, hata nikiwa na haraka? Je, mkono wangu ni mwepesi kiasi kwamba mwenzangu hajasema ameumia? Na je, mtu niliyecheza naye wiki iliyopita amekuja mwenyewe kuniomba tena? Likipatikana jibu la ndiyo kwa hilo la mwisho, una msingi wa kutosha kuongeza mtindo mmoja mpya. Mmoja tu, mpaka nao utulie.